Mngurumo Uachwe

Tulikwenda kwa bajaji moja, mimi na Hoza,
amplifaya katikati, magoti yetu nje.
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, kibarazani kwake,
Fundi Mhando akaifungua mgongo, bisibisi mdomoni.
Akatoa kwanza kiota cha panya,
kisha tiketi ya dansi, shilingi tatu, wanawake bure,
kisha akatoa bei.

Vali mbili zimekufa. Kapasita zimevimba
kama maharage yaliyosahauliwa majini.
Spika inashoneka, ina tundu moja la kidole.
Laki sita na nusu, alisema, na vali zenyewe
mpaka mtu atoke Dar, naye azipate kwa mtu.
"Kizuri hakikosi ila," akapangusa mikono.
"Hiki ila kinayo. Kizuri ndicho kimekosa."

Laki sita na nusu.
Bati za jikoni ni kumi na mbili.
Dawa za presha za Hoza ni kila mwezi.
Na Hoza mwenyewe, mwenye mali,
mkono wa kushoto umelala tangu Mfungo Tatu,
ule uliokuwa ukibana nyuzi.
Wa kulia mzima, kupiga unaweza,
lakini upige nini, nyuzi zikiwa wazi?

Yupo kijana ana hoteli Raskazone.
Anataka sanduku tupu. Laki mbili, leo leo.
Ndani ataweka taa, juu ataweka chupa,
wageni wapige picha.
Aliligonga kwa ukucha kama anayechagua nazi,
akauliza herufi za mbele zinasema nini.
Za jina la bendi zimebaki tatu,
na hata hizo, nyumbani hatujakubaliana ni zipi.

Mimi sikuwa mtu wa dansi.
Nilikuwa mdogo wake, wa kubaki nyumbani,
wa kupiga pasi mashati yao ya kola ndefu
huku wakifanya mazoezi chumba cha pili.
Nyimbo zimenitoka. Maneno yote.
Kilichobaki ni kile cha kabla ya wimbo:
swichi, ta!
kisha ule mngurumo wa chini, kama paka aliyeshiba,
na mbao za kitanda changu zikiuitikia.
Walipozima ndipo nilipozinduka.

"Iwashe," nilimwambia fundi.
Akasita. Akaupitisha umeme kwenye balbu ya wati mia
isije ikatuunguza.
Balbu ikawaka yote, ikanywea, ikabaki wekundu.
Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akigombania chenji ya vitumbua.
Kisha, kutoka chini ya vumbi,
mmmm.

Hoza, aliyebaki na maneno matatu,
ndiyo, chai, na jina la mke aliyemwacha,
aliweka kikombe chini.
Akaushika mkono uliolala kwa mkono ulio macho,
akaupandisha juu ya goti,
akaunguruma nayo. Hapo hapo ilipo.
Nikakumbuka: hawakuwa na kitu cha kupimia sauti.
Waliwasha, wakasikiliza,
wakakaza uzi wa tatu mpaka ukakubaliana na mashine.

Sekunde tisa. Fundi akachomoa.

Nimepiga hesabu upande huu na upande ule.
Bati. Dawa. Yule kijana na ukucha wake.
Mashine isiyo na mpigaji ni nini?
Na mpigaji asiye na mkono?
Sikupata jawabu, na jua lilishafika kwenye benchi.

"Usiitengeneze," nilisema. "Ifanye isituunguze tu.
Waya mpya, fyuzi, funga mgongo.
Ibaki inaunguruma."

Fundi Mhando alicheka mpaka akavua miwani.
Miaka arobaini watu wananilipa niutoe mngurumo, alisema,
wewe wa kwanza kunilipa niuache.
Elfu thelathini na tano. Njoo Jumatano.
Akachana kipande cha boksi la biskuti,
akaandika Bi Mwanakheri, na chini yake,
kwa herufi kubwa, asije kijana wake akasahau:
MNGURUMO UACHWE.
Akakifunga kwa uzi kwenye mpini.

"Chai," alisema Hoza.
Kikombe chake kilikuwa kimejaa.